Pete Niliyoingia Nayo

Mheshimiwa Meya wa Titusville, Mkurugenzi wa karakana yetu, Rubani Teague na familia yako, ndugu wageni waalikwa, nanyi mafundi wenzangu mnaochungulia sahani za kamba kule nyuma: habari za mchana!

Tumekutana kumuaga Bi Darlene Stuckey, anayestaafu baada ya kukaa mlangoni pa chombo chetu cha angani miaka ishirini na sita. Wageni, msimwone anatabasamu mkadhani ni mpole. Chombo kikirudi kutoka angani tunakifungua, tunakisafisha na kukitengeneza ili kiruke tena, na hakuna anayeingia ndani kabla Darlene hajaandika daftarini alichobeba: bisibisi, miwani, hata kalamu. Kilichoingia lazima kitoke. Kwani huko juu, kitu kilichosahaulika huelea chenyewe mpaka kikwame pabaya.

Sasa nitoboe siri wanayoijua Darlene na mke wangu Loretta peke yao. Mimi, Wendell Crabtree, msimamizi wenu mkali, siku moja niliingia mbiombio nimevaa glavu, na pete ya ndoa kidoleni sikuitaja. Nilipotoka, nimevua glavu na kidole kitupu, Darlene akanitazama mkono.

"Bosi, pete iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

Ndugu zangu, nilidanganya! Zilibaki siku tatu tu chombo kipelekwe kurushwa, na kwa kosa lile ningeweza kufukuzwa kazi. Mnadhani alipiga kelele? Wapi! Alifunika daftari, akaninong'oneza:

"Wendell, hebu toka nje, ukanywe maji. Halafu urudi, nikuulize kama ndiyo kwanza umefika."

Nikatoka. Nikanywa maji. Nikarudi.

"Karibu, bosi. Pete iko wapi?"

"Imo ndani, Darlene. Nisamehe."

Tuling'oa viti siku mbili nzima. Tukaikuta chini ya kiti cha rubani, karibu kabisa na pedali. Aliyekalia kiti kile ni Rubani Teague, huyu hapa, alikwenda akarudi salama, na sasa amenenepa. Mimi nilipewa karipio la maandishi kwa kuisahau pete, halali yangu, na kazi nikabaki nayo.

Darlene, ungeweza kuniumbua mbele ya watu wangu wote. Ulinipa nafasi ya kusema kweli. Nakupenda kwa hilo, na Loretta anajua.

Waheshimiwa, ahsanteni kwa masikio yenu na subira yenu, kamba wanapoa. Ila wewe, Darlene, jana nilikuuliza kama kweli uko tayari kutuacha, ukajibu "ndiyo" huku umeangalia pembeni. Hebu toka nje, ukanywe maji. Halafu urudi, nikuulize kama ndiyo kwanza umefika.