Chambre Iliyonivusha Ziwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye mbio, asifiwe na sisi tunaochechemea.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Miaka ile ya vita nilikuwa na ugonjwa mmoja: kujua Kifaransa. Siku moja nikicheza mpira na vijana wa kanisa, niliteguka kifundo cha mguu, kikavimba kama boga. Mke wangu, mama Riziki, akasema nilale, niinue mguu, aufunge kitambaa. Nikakataa. Redio ilikuwa imesema kwa Kifaransa kwamba Ulaya wachezaji walioteguka hutiwa ndani ya chambre yenye oksijeni iliyoshindiliwa, wakapona upesi. Na mimi chambre niliyoijua ni moja tu: chambre à air, ule mpira wa ndani wa gurudumu.

Nikachukua ya lori, nikaizungusha mguuni, nikaikaza kwa kamba, nikapiga pompi mpaka vidole vikafa ganzi.

"We baba Riziki, toa ule muguu mule," mke wangu akasema. "Hii haiko dawa, iko kiburi."

Nikamwambia yeye hajasoma. Nakiri mbele yenu, nilimwambia hivyo. Kesho yake nikajifunga tena.

Asubuhi ya tatu risasi zikaanza kulia upande wa milima. Mji mzima ukashuka ziwani. Boti ya mwisho ilisimama mbali, mwenyewe akiogopa kukaribia, na watu wakaifuata kwa miguu, maji kifuani. Mimi hata kusimama sikuweza; mke wangu alikuwa amenikokota mpaka ufukweni. Mguu niliojitibia ulikuwa mbaya kuliko siku nilipoumia.

"Uniache mi," nikamwambia. "We wende na mutoto."

Akainama mguuni pangu. Alifungua ile kamba, akaijaza chambre hewa, akaiweka majini, akaniketisha juu yake kama gunia la muhogo, Riziki mapajani mwangu. Akatuvuta kwa ile kamba mpaka kwenye boti. Nililia, na si kwa maumivu. Nilimwomba Mungu msamaha, na sala ile haikuwa na neno hata moja la Kifaransa.

Ng'ambo, Kigoma, muuguzi alinisikiliza, akacheka kwa upole. Kumbe ile chambre ni chumba kabisa, mtu huingia mzima akavuta oksijeni. Huwafaa wapiga mbizi. Lakini kwa kifundo kilichoteguka, alisema, madaktari hawajaona kwamba inashinda kupumzika, kufunga bendeji na kuanza kutembea polepole. Ni yale yale ya mama Riziki.

Mguu ulipona, ndugu zangu, ingawa mvua ikikaribia hunikumbusha. Mama Riziki yuko pale, benchi la tatu, ameinamisha kichwa kwa aibu. Sikuogelea mimi, wala sikupiga kasia. Kama humu leo yupo anayesema moyoni "mniache," nakusihi, nyamaza kidogo. Kamba anaishika Yesu. Wewe keti tu, uvutwe.