Sista Praxeda na Kizunguzungu cha Kiwandani

Tarehe 30 Juni, Sista Praxeda anavua sare nyeupe aliyoivaa kwa miaka thelathini na moja katika zahanati ya shamba letu la mkonge la Kibaoni Juu.

Alikuja hapa akiwa nesi kijana kutoka Mwera, Pangani, akaolewa na Anold, fundi wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Wenzake walimtania Anold kwamba alijikata kidole makusudi ili afungwe bandeji na Praxeda. Hakukanusha. Tangu hapo Praxeda amezalisha nusu ya watoto wa kambi hii, na hadi leo anawagombeza mmoja mmoja kwa jina.

Tungependa kuishia kwenye vicheko. Haiwezekani.

Miaka minne iliyopita, asubuhi, Anold alishikwa na kizunguzungu ghafla mbele ya mashine yake. Akayumba, akashika nguzo. Msimamizi wa kiwanda, Bwana Luqmani, akasema, "Hiyo njaa tu. Mpeni soda akae kivulini, kazi iendelee."

Soda ikamtoka upande mmoja wa mdomo. Akajaribu kusema, ulimi ukawa mzito, na watu wakacheka wakidhani anafanya mzaha. Zahanati iko ng'ambo ya uwanja tu, lakini Praxeda aliitwa baada ya chakula cha mchana. Alimtazama mumewe usoni mara moja.

"Hiki ni kiharusi. Mbona hamkuniita?"

 Anold aliishi miezi michache bila kutamka neno, kisha tukaenda kumzika.

Matanga yalipoisha Praxeda alirudi kazini. Ikawa kila Jumatatu, kabla mashine hazijawashwa, anasimama mlangoni mwa kiwanda.

"Kizunguzungu kina sababu nyingi," alikuwa akisema. "Jua na kukosa maji, kuinuka ghafla, sukari kushuka, upungufu wa damu, maradhi ya sikio, hata dawa za presha. Kaa chini usianguke, kisha njoo nikupime. Lakini kikija pamoja na uso kupinda, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kutembea, kichwa kuuma vibaya ghafla, kifua kubana au kuzimia, usipewe soda wala uji. Ni hospitali saa hiyohiyo. Hata kikipita, nenda!"

Wapo waliopiga miayo.

Mwaka jana aliyeyumba alikuwa Luqmani mwenyewe, ofisini kwake. "Nitakaa kidogo, itapita," alisema kwa ulimi unaokwama. Praxeda aliitwa mara moja, safari hii.

"Inua mikono yote miwili, Bwana Luqmani."

Mmoja ukashuka. Praxeda akaagiza gari la meneja, akapanda naye hadi hospitali ya mkoa. Luqmani leo anatembea bila fimbo, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe hii ya kumuaga Sista.

Tulimuuliza Sista kama safari ile haikumuuma.

"Iliniuma njia nzima," alisema. "Nilikuwa nimemshika mkono asianguke, huku nawaza kwamba hata siku ile ya Anold gari hili lilikuwepo, limeegeshwa."

Sista Praxeda, ahsante zetu ni nyingi, na zimechelewa. Rudi Mwera kwa amani. Tunakuombea uzee wenye afya, na majirani wepesi wa kuita msaada.