Mfamasia Aliyeuliza "Unalala Saa Ngapi?"

Ifikapo tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mfamasia wetu mkuu atafunga dirisha namba tatu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba na kuhamishwa chumba mara tano. Swali lake halijahamishwa hata mara moja. Swali hilo ndilo lililomletea jina, na ndilo lililonibakiza mimi kazini. Kamati ya sherehe ya kumuaga imenipa ukurasa mmoja na nusu wa programu hii, nusu nyingine ikiwa imeliwa na picha ya jengo jipya la utawala. Nitajibana.

Alianza kama msaidizi wa chumba cha dawa, akafungasha vidonge, akaenda kusoma, akarudi mfamasia kamili. Waliomkuta siku hizo wanasema alikuwa na sauti ya kuita wagonjwa iliyofika mpaka maabara. Baadaye hospitali ilinunua kipaza sauti, kikaharibika mwezi uleule. Sauti yake iko palepale.

Katika mwaka wake wa kumi na moja kazini, mimi nilikuwa mlinzi wa lango la nyuma, zamu ya usiku. Presha yangu ilikuwa juu, na dawa mbili nilizokuwa nikimeza hazikuifanya kitu. Daktari akaniongezea ya tatu, doksazosini. Hii ni moja ya dawa ambazo wataalamu huziita vizuizi vya alfa. Kwa lugha ya langoni, inalegeza kuta za mishipa ya damu, mishipa inatanuka, damu inapita bila kusukumana, presha inashuka. Dawa nzuri. Ubaya wake uko pale mtu anapoianza. Kidonge cha kwanza kinaweza kuishusha presha ghafla, hasa ukiinuka kwa kasi: macho yanaingia giza, miguu inakana kwamba inakujua. Ndiyo maana mtu huanzishwa kipimo kidogo kabisa, miligramu moja, na humeza akiwa anakwenda kulala, ili huko kushuka kumkute amekwisha kujilaza.

Bahasha yangu iliandikwa: kidonge kimoja, usiku. Mimi ni mtu wa kufuata maandishi, na usiku nilikuwa nao mzima, langoni. Saa moja, nilipopokea zamu, nikameza kidonge kwa chai, nikakaa kwenye kiti changu. Saa tatu na nusu gari la mkurugenzi wa wakati huo likapiga honi. Niliruka kama mlinzi anavyotakiwa kuruka, nikavuta komeo. Kitu kingine ninachokumbuka ni taa mbili za gari usoni, na kofia yangu iko chini ya bampa.

Mkurugenzi hakushuka. Aliteremsha kioo nusu, akatamka kwamba nimelewa, akapandisha kioo. Mimi sijawahi kuonja pombe, hata ya kupakwa kabla ya sindano huwa nageuza pua. Kesho yake nikasimamishwa kazi nikisubiri kikao cha nidhamu. Nilikaa nyumbani siku tisa. Mke wangu aliniamini. Shemeji yangu, kaka yake, alikuwa amekwisha kutangaza mtaani kwamba yeye alininusa tangu siku ya posa. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na sina cheti cha kuonyesha popote. Mlinzi aliyefukuzwa kwa ulevi hapati lango lingine. Nilijua hesabu hiyo vizuri, nikaipiga kila siku, na kila siku jibu lilikuwa sifuri.

Siku ya kikao nilikuta mezani katibu wa hospitali, ofisa utumishi na mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye alikuja kuniwakilisha na hakuniuliza hata hali. Maelezo yangu yalisikilizwa kwa namna ambayo mtu husikiliza mvua. Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia mfamasia, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote, bila kualikwa. Alikuwa amewasikia watu wa jikoni wakimtania mlinzi aliyelala chini ya gari la bosi, akakumbuka uso wangu dirishani kwake. Hakuiangalia meza. Aliniangalia mimi.

"Kaka, wewe unalala saa ngapi?"

Nilimjibu kwamba ninalala saa mbili asubuhi, nikishakabidhi zamu na kufika nyumbani. Ofisa utumishi akacheka, akidhani hayo ndiyo maneno ya mlevi yenyewe. Alicheka peke yake. Mfamasia akaigeukia meza, akawaeleza dawa ile inavyofanya kazi, kidonge cha kwanza kinavyoweza kumwangusha mtu mzima na akili zake, na saa ambazo hatari huwa kubwa. Halafu akasema sentensi ambayo mimi ninaiweka juu ya hotuba zote nilizozilinda katika ukumbi huu:

"Usiku wake ni saa mbili asubuhi. Kosa liko kwenye bahasha, na mwandiko wa bahasha ni wangu."

Wasomaji wajue alichokuwa anakiweka mezani. Nafasi ya mfamasia mkuu ilikuwa wazi mwezi ule, na kila mtu, pamoja na kuta, alijua ni yake. Angeweza kunyamaza. Mlinzi mmoja angeondoka, mwingine angekuja, bahasha zingeendelea kuandikwa vilevile.

Nilirudi langoni siku iliyofuata. Yeye akapewa onyo, na ukuu ukaenda kwa mwingine, aliyekaa nao miaka minne mpaka alipohama. Onyo hilo halijafutwa hadi leo. Nalitaja kwa sababu najua programu hii itasomwa na wahusika, na kulifuta hakuhitaji zabuni. Na mimi bado nasubiri kuombwa radhi. Kioo cha gari kikiteremka nusu tena kitatosha.

Katibu alipendekeza dawa yenyewe iondolewe hospitalini ili yaishe. Mfamasia akakataa katakata. Alisema wapo watu ambao presha zao zimekataa dawa nyingine, na wapo wazee ambao dawa hiyohiyo inawapunguzia taabu ya tezi dume. Hawa wote wataadhibiwa kwa sababu sisi hatukujua kuandika. Akaomba abadilishe neno moja tu. Tangu hapo, kwenye bahasha za dawa ile hapakuandikwa tena "usiku". Paliandikwa "ukipanda kitandani".

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Hebu mfikirie mama mwenye sauti ya kufika maabara, dirishani, mbele ya foleni nzima, akimwambia mzee wa watu mwenye fimbo kwamba hii ni ya ukipanda kitandani. Foleni ilikuwa inavunjika mbavu. Kabla mwezi haujaisha alikuwa Mama Kitandani, na jina likafika hadi kwenye karakana ya mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Fundi huyo, shemeji yetu sote, alikuja hospitali kulalamika kwamba wateja wanamuuliza maswali. Alisikilizwa kwa heshima, akapimwa presha kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika, ikakutwa iko juu. Akatoka na bahasha. Dawa yake ilikuwa ya aina nyingine kabisa, lakini aliulizwa na yeye analala saa ngapi, na mkewe mwenyewe, kwa sauti ileile.

Swali likawa sheria. Mwoka mikate alilala mchana. Dereva wa magari ya masafa marefu alilala popote. Mama mwenye mapacha alijibu kwamba halali kabisa, akatafutiwa wa kumshikia watoto usiku wa kidonge cha kwanza. Dereva aliambiwa asiguse usukani kwa siku nzima baada ya kidonge hicho, na vivyo hivyo kila kipimo kinapopandishwa. Wote walifundishwa kuamka kwa vituo: jigeuze, keti ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini, tulia kidogo, ndipo usimame. Ukisikia kizunguzungu, rudi ulale. Aliwafanyisha mazoezi kwenye benchi la kusubiria, watu wazima wakilala na kuinuka kama watoto wa chekechea, hakuna aliyebisha.

Aliwahi kubishiwa mara moja, na mwalimu mkuu mstaafu. Mwalimu huyo alijisikia vizuri, akaiacha dawa wiki mbili, kisha akaja kuomba aendelee na kipimo chake kikubwa kana kwamba hakuna lililotokea. Mfamasia akamkatalia, akamrudisha kwa daktari aanze tena na miligramu moja, kwa sababu mwili uliokwisha kuisahau dawa huipokea kama mgeni. Mwalimu akalalamika kwamba mtu wa hadhi yake anarudishwa darasa la kwanza. Akajibiwa kwamba ndivyo, na safari hii asiruke darasa.

Kulikuwa pia na lile swali la chinichini. Wanaume wanaotumia dawa hii wanaweza kushukwa na presha vibaya wakiichanganya na dawa za kuongeza nguvu za kitandani, na hakuna mwanamume anayezitaja mbele ya foleni. Kwa hili tu alishusha sauti. Aliinamia bahasha, akauliza: na zile nyingine? Kila mmoja alijua zile nyingine ni zipi. Waliokohoa walipelekwa chumba cha ndani kwa mazungumzo.

Baba mkwe wa mfamasia, naye akiitumia dawa hii, alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, alikataa kumtajia daktari wa macho vidonge vyake, akisema jicho na presha wapi na wapi. Mkwe wake alimtuma mumewe na pakiti ya dawa mkononi. Daktari wa macho alishukuru sana. Dawa hizi hulegeza mboni wakati wa upasuaji, na daktari anayejua mapema hujiandaa. Mzee anaona vizuri, na kazi yake sasa ni kuwakosoa wanaoendesha vibaya.

Sasa hesabu, maana mimi bila hesabu sijasema kitu. Mtu akianguka katika eneo hili huitwa kitengo changu, ninachokiongoza tangu nilipotoka langoni. Mwaka wangu ule, walioanzishwa dawa hii walikuwa arobaini na wawili, walioanguka sita. Mwaka jana walianzishwa mia moja na themanini. Aliyeanguka ni mmoja, na huyo alikanyaga ganda la ndizi mbele ya jikoni, nililiokota mwenyewe. Mafanikio haya yaliwahi kutangazwa kwenye mkutano kuwa ubunifu wa kamati. Kamati hiyo iliundwa miaka sita baada ya bahasha ya kwanza. Toeni wenyewe, kujumlisha hakusaidii.

Leo mshereheshaji atawaomba msimame mumpigie makofi. Mmekaa muda mrefu, na wengi wenu nazijua bahasha zenu. Tafadhali msiruke. Shusheni miguu, tulieni, ndipo muinuke. Atakuwa anawaangalia, na hatakubali sherehe yake iharibu takwimu.

Mama Kitandani, kwa niaba ya wote waliosimama bila kuanguka, ahsante. Miaka thelathini na mmoja umefika kazini kabla ya jua na kutuuliza sisi sote swali moja, na sijasikia mtu akikuuliza wewe. Kuanzia tarehe mosi Julai tunakuuliza: unalala saa ngapi? Jibu lolote utakalotoa ni sahihi. Siku zako zote zilizobaki ziwe njema, usingizi wako uwe wako, na ukiamka, dada yangu, keti kwanza.