Nani Alikuwa Anakaa Hapa: Maisha ya Fundi Sindano

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wateja mliosimama huko nyuma kwa sababu viti havikutosha: poleni kwa kusimama. Marehemu angeona aibu, maana viti ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Mimi ni dada yake, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimepewa kusoma maisha yake kwa sababu wengine wote walisema sauti zao zitakwama. Yangu nayo itakwama mahali fulani, mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yetu alikuwa dereva wa serikali na mama alikuwa mkunga. Alizaliwa mwembamba kiasi kwamba mama, aliyezalisha nusu ya mtaa, alimfunga kwa shuka mbili ndipo akamkabidhi kwa baba, ili mzee asishtuke. Wembamba huo hakuuacha maisha yake yote. Kaka yetu mkubwa, aliyemtangulia kwa miaka minne, alimbeba sana mgongoni, na ndiye aliyemwita Sindano. Jina likashika hata shuleni. Kazi ilikuja kulihalalisha baadaye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili. Mwaka 1977 mama aliugua, na ilibidi mmoja wa wavulana abaki nyumbani. Marehemu alisema yeye ndiye atakayebaki, kwa kuwa kaka alikuwa na kichwa cha darasani na yeye alikuwa na mikono. Kaka akaenda chuo cha ualimu. Mshahara wake wa kwanza kabisa kama mwalimu alinunulia mkasi mkubwa wa kukatia ngozi, akamletea mdogo wake ukiwa umefungwa kwenye gazeti. Mkasi huo marehemu aliutumia mpaka mwisho. Vipini vyake vilikuwa vimelika, ukiushika unahisi vidole vyake.

Alijifunza kazi mwaka 1979 kwa fundi mmoja wa makochi, mzee mkali aliyekuwa akipima mishono kwa ukucha. Mwaka 1986 alifungua karakana yake nyuma ya wauza matairi, chumba kimoja chenye mlango wa bati, cherehani moja nzito, na harufu ya gundi ambayo wifi yangu aliifua kwenye mashati yake bila kuishinda. Hapo ndipo alipokaa miaka yote, akishona viti vya magari.

Kwa wasioijua kazi hiyo, kiti kikichakaa ngozi ya zamani haitupwi hapo hapo. Hufumuliwa kwa wembe, mshono kwa mshono, na kila kipande huandikwa kwa chaki mahali kilipotoka. Kisha vipande hivyo hulazwa juu ya ngozi mpya, nayo hukatwa kwa kuvifuata. Ngozi ya zamani ndiyo kigezo pekee alichonacho fundi. Ukishaifumua hakuna kurudi nyuma, kile kiti kilichoingia asubuhi hakipo tena. Marehemu alikuwa mwepesi sana wa kufumua. Alikuwa hawezi kuona ngozi imepauka akaiacha. Ukipanda naye gari la mtu, kabla hajasalimia vizuri ameshaanza kupapasa kiti, na njia nzima mwenye gari anasikia habari za mishono yake.

Ndoa yake ilitokana na springi. Mwaka 1988 kiti cha teksi moja kilichomoza waya na kumchania gauni dada mmoja mwuza vitabu, naye hakukubali yaishe hivyo. Alimwamuru dereva ampeleke kwa huyo fundi aliyekishona. Alifika karakana ameshika gauni kwa nyuma, akasema, "Wewe ndiye uliyeweka mtego humu?" Marehemu hakuwa na uzi mwingine ila ule mweusi mnene wa ngozi, akamshonea gauni la njano palepale, kwa mishono ambayo ingeweza kubeba kiti. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989. Gauni lile lipo. Wifi anasema kila sehemu ya gauni imeshachoka isipokuwa pale. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye alikulia chini ya meza ya kukatia na leo ni fundi kamili wa karakana ile.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini marehemu mwenyewe aliniambia nisiparuke.

Baba yetu aliendesha magari ya wakubwa miaka mingi bila kumiliki hata baiskeli. Alipostaafu alinunua gari dogo lililokwishatumika, lenye viti vya ngozi ya kahawia, akalipenda kuliko alivyotupenda sisi, na tulimsamehe. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu. Akitaka kushuka, aliegemea ubavu wa kulia wa kiti kwa nyonga na kiganja, akajisukuma. Miaka ilivyokwenda, ngozi ya pale ikalainika, ikapauka, mwishowe ikachanika. Sponji ya kikalio nayo ilibonyea, ukikaa unazama mahali pake. Baba alifariki mwaka 2006 na gari likawa la kaka.

Mwezi Agosti 2012 kaka alilipeleka karakana. Alikuwa anasafiri wiki nzima kusimamia mitihani. Alimwonyesha marehemu ule mchaniko na kumwambia, "Shona hapo tu, usiendelee."

Marehemu aliona haya kumwekea kaka yake kiraka. Huyu ndiye aliyemnunulia mkasi. Basi akaamua kumpa zawadi. Alitafuta ngozi nzuri kuliko zote alizowahi kushika, ya kahawia ile ile, akafumua viti vyote vinne, akakata, akashona, na pale sponji ilipobonyea akajaza mpaka ikawa sawasawa. Vipande vya zamani, vilivyokatika na kuchafuka kwa chaki, alivichoma pamoja na mabaki ya wiki, kama mafundi wote wafanyavyo.

Nilikuwepo kaka aliporudi. Alifungua mlango, akakaa. Marehemu alisimama pembeni akifuta mikono, anasubiri kusifiwa. Kaka alisogea kulia, akasogea kushoto, kama mtu aliyekalia funguo.

"Kiti cha baba kiko wapi?"

"Hicho hapo, kaka. Nimekifanya kipya."

"Nilikwambia ushone hapo tu."

"Kilikuwa kimekwisha."

"Hakikuwa kimekwisha," kaka alisema. "Baba alikuwa amekaa."

Akauliza ngozi yenyewe iko wapi, akaambiwa imechomwa. Aliwasha gari akaondoka. Marehemu alibaki na kitambaa mkononi, akaniuliza, "Dada, nimekosea wapi?" Kisha akajijibu mwenyewe, akakaa chini kwenye sakafu.

Ndugu hawa wawili hawakuzungumza tena kama ndugu. Walisalimiana kwenye misiba na harusi, kila mmoja akitazama bega la mwenzake. Mimi ndiye niliyebeba salamu. Marehemu aliomba radhi mara nyingi kupitia kwangu, na kaka kila mara alijibu, "Mwambie nimesikia." Mnamjua mwalimu akisema amesikia. Huwezi kujua kama amekupa alama au amekunyima.

Nyinyi wateja mnaijua tabia moja ya marehemu, na wengi mmeicheka. Kabla ya kuweka wembe kwenye kiti, aliuliza, "Nani alikuwa anakaa hapa?" Mtu anasema ni kiti tu fundi, endelea. Yeye hagusi mpaka ajibiwe. Na ngozi ya zamani aliikunja, akaiwekea kikaratasi, akaitunza hadi mwenyewe aseme itupwe. Mama mmoja alipoulizwa hivyo aligeuza gari, akaenda nalo likiwa na viti vile vile vilivyochanika. Marehemu alimsindikiza mpaka barabarani akimsimamishia magari. Tabia hiyo ilianza Agosti 2012, na sasa mnajua ilitoka wapi.

Aliwahi kuniambia jambo moja nikampelekee kaka. Alisema, "Mwambie ngozi ni ya kweli. Aikalie tu, itamjua." Nilimpelekea. Kaka alisema amesikia.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2021. Alisema ni vumbi. Novemba 2023 alikubali kupelekwa hospitali. Daktari aliuliza kama alivuta sigara, naye akajibu kwa unyoofu, "Hapana, daktari, mimi nimevuta gundi tu." Ilibidi wifi aeleze haraka, maana daktari alikuwa ameshaanza kuandika mengine. Hiyo ndiyo siku ya mwisho tuliyocheka wote watatu. Mapafu yalikuwa yameharibika, na dawa ziliweza kumpunguzia tu. Aprili mwaka huu alilazwa na hakutoka tena.

Nilimpigia kaka siku ile ile. Alisema, "Nitakuja." Nikampigia tena Mei, akasema, "Nitakuja, nimekwambia."

Wodini kitanda chake kilitazama mlango. Kila ulipofunguliwa aligeuza kichwa na kuuliza, "Kaka amekuja?" Wifi alijibu, "Bado." Akiingia mfagiaji, akiingia muuguzi, akiingia mtu aliyepotea njia, swali ni hilo hilo. Pumzi zilipokuwa chache aliacha kuuliza, akawa anatazama mlango kisha anamtazama mkewe, naye wifi anatikisa kichwa. Sisi tuliokuwa pale hatutausahau mlango ule.

Wiki yake ya mwisho alitoa agizo moja kuhusu karatasi hii mliyonayo. Alitaka kwenye orodha ya aliowaacha, kaka aandikwe wa kwanza.

"Hata asipokuja?" wifi alimwuliza.

"Hata asipokuja. Ni mkubwa."

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mkewe na binti yake walikuwa kando yake.

Saa nane mchana siku hiyo, gari la baba liliingia kwenye geti la hospitali. Wifi alikuwa anatoka na mfuko wa nguo. Kaka aliteremsha kioo, akauona ule mfuko.

"Nimechelewa, shemeji?"

"Umechelewa, shemeji."

Hakushuka kwa muda mrefu.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye karatasi zenu, kwa sababu yametokea jana na karatasi zilikuwa zimeshachapwa. Nimeomba ruhusa ya kaka kuyasoma. Yuko hapa mbele, na ameniruhusu kwa kichwa, maana sauti hana.

Jana alasiri kaka alituita mimi na binti wa marehemu nje ya karakana, akafungua mlango wa dereva. Tukatazama. Ule ubavu wa kulia wa kiti umepauka na kuchanika, mahali pale pale. Kikalio nacho kimebonyea. Kaka ana miaka sitini na saba sasa, na goti lake la kushoto limekuwa bovu kama la baba. Alitueleza kwamba mwezi Machi alikuwa anashuka, akaweka kiganja ajisukume, kidole kikaingia kwenye tundu. Akakaa tena. Alisema alilijua tundu lile kabla hajalitazama.

"Nilitaka aione," alisema. "Ile ngozi yake imemrudisha baba. Nilikuwa natafuta tu maneno ya kuanzia."

Aliyatafuta Machi yote, Aprili na Mei. Mwalimu wa lugha, aliyefundisha watoto wa watu kuandika insha. Simsemi vibaya, nasema jinsi ilivyouma kumsikiliza.

 Binti aliingia karakana akatoka na wembe, uzi na ule mkasi wa baba yake. Akapiga magoti kando ya mlango na kupapasa ngozi, halafu akasita. Akauliza kama alivyofundishwa, kama anavyomwuliza kila mteja:

"Baba mkubwa, nani alikuwa anakaa hapa?"

Kaka alishika paa la gari. 

"Baba yetu," alisema. "Halafu mimi. Na aliyekishona ni baba yako." Kisha akasema, "Shona hapo tu, mwanangu."

Akashona hapo tu. Mkasi aliutumia kukatia uzi, basi. Leo asubuhi kaka ametuleta hapa makaburini kwa gari hilo, na mimi nimekaa nyuma yake nikiutazama mshono.

Marehemu ameacha kaka mkubwa, mke, binti na mkwe, wajukuu wawili, mimi dada yake, na viti vingi ambavyo mtavikalia mkirudi nyumbani.

Sindano, mlango umefunguliwa na kaka amekuja. Pumzika kwa amani.