Kola ya Dereva

Basi jipya lilijiendesha lenyewe, na watu wakaliogopa kama ukoma. Kampuni ikakalisha sanamu la duka la nguo nyuma ya usukani, likavikwa sare. Kesho yake basi likajaa pomoni.

"Habari za kazi, dereva?" bibi mmoja alilisalimu akipanda.

"Bibi, hiyo ni plastiki," muuza viatu akamwambia.

"Najua, mwanangu. Ila nisipolisalimu, moyo hautulii."

"Mnajidanganya tu!"

"Na wewe mbona hukupanda basi hili kiti cha dereva kilipokuwa kitupu?"

Muuza viatu akageukia dirishani. Nyuma yao fundi cherehani alicheka kimoyomoyo, maana sare ile aliishona yeye. Basi liliposimama, akapita mbele kuitazama kazi ya mikono yake.

Kola ilikuwa imelowa jasho.