Sukari ya Hamdiya Iko Juu

Baraza ya Bi Masouda ilikuwa nje ya ukuta wake, hapo Mabela, huku nchi ya Waarabu, zama zile kila nyumba mpya na kila njia vumbi. Mumewe, Mzee Bakhit, aliijenga kwa saruji, ndefu, kama baraza za kwao Unguja. Majirani wasiozijua baraza wakadhani ni kituo cha teksi, na madereva nao wakadhani hivyo hivyo: kila mara mmoja alisimama, akapiga honi, na Bi Masouda akampungia mkono ende zake. Baada ya alasiri palikuwa na dele la kahawa, sahani ya tende, na wenyewe watatu. Bi Masouda tukimwita Daktari, kwa kuwa alipasuliwa mara tatu na tangu hapo hakuna maradhi asiyoyajua. Mzee Bakhit tukimwita Bwana Methali, kwa kuwa alikuwa na methali nyingi na hakuwa na subira ya kungojea mahali pake. Na Kheiria, jirani yao, tukimwita Redio. Huyo hana haja ya kuelezwa. Mimi, Hamdiya, nilikuwa mke wa Humam, mtoto wa mdogo wake Bi Masouda, niliyeletwa kutoka Chake nikiwa bibi harusi na begi moja. Jumatano moja nilikwenda na mwanangu mchanga mkononi, binti yangu Aseel ameshika baibui langu, na shingoni nimetundika kifuko nilichokishona kwa kanga kuukuu. Ndani ya kifuko alilala Sukari.

— Haya, sukari ishashuka? aliuliza Mzee Bakhit kabla sijakaa.

— Wewe nawe! Kheiria akasema. Si ushaambiwa si sukari ya damu? Ni jina la mnyama.

— Na nani aliyetangaza kuwa ni ya damu?

Kheiria akanywa kahawa.

Wiki iliyopita nilimpigia simu kumwambia sitakuja, Sukari kapanda juu ya pazia na hataki kushuka. Laini ilikuwa inakatika. Kheiria akasikia sukari, akasikia juu, akasikia kushuka. Yaliyobaki akayajaza mwenyewe. Kabla ya magharibi nyumba nne zilikuwa zishaniletea dawa: uwatu uliorowekwa, karela, mdalasini, shubiri. Mzee Bakhit, ambaye sukari yake ni ya kweli, aliniletea kimashine chake cha kuchoma kidole, akakaa bila kujipima mpaka nilipomrudishia. Wa kwanza kufika na bakuli alikuwa Kheiria mwenyewe. Tulicheka sana baadaye. Lakini ule uwatu niliunywa wote, na uchungu wake.

— Leo si kupanda, nikasema. Leo kavimba. Tumboni hapa. Na Humam kasema akitoka kazini anampeleka Qurayyat, akamwachie kwenye mitende ya ami yake.

— Amwachie na nani?

— Na mitende.

Bi Masouda akaweka kikombe chini.

Si kwamba Humam ni mkali. Yeye ndiye aliyemnunua miezi miwili iliyopita, kumfurahisha Aseel, akamtoa katika kizimba kilichojaa wenziwe. Mwenye duka alimwita shuga glaida, akasema ni kama kindi, ana ngozi pembeni, akiruka anaelea kama karatasi. Lakini sasa nyumbani mna mtoto mchanga, na uvimbe asioujua ulimtia hofu. Naye Sukari kazaliwa kizimbani. Huko mitendeni, paka mmoja tu, au usiku mmoja wa baridi, basi. Aseel hakutia kitu mdomoni tangu asubuhi. Na mimi, jambo ambalo sikumwambia mtu, huyu ndiye mwenzangu wa kukesha. Mchana kutwa analala. Usiku ninapoamka kunyonyesha na nyumba nzima imezama usingizini, yeye yuko macho. Ananirukia begani na kunitazama, kama anayesema, na leo pia?

— Mtoe tumwone, Mzee Bakhit akasema. Mficha uchi hazai.

Nikafungua kifuko. Ikatoka pua ya waridi, yakatoka macho meusi makubwa kuliko uso, na ule mstari mweusi unaotoka kwenye paji mpaka mgongoni. Akatoa sauti ya hasira, krrr, kama cherehani iliyokosa mafuta.

— Mbona analala na jua lote hili? Mzee akauliza. Mchumia juani hulia kivulini.

— Inahusu nini hiyo?

— Yumo kivulini, na analia. Husikii?

— Mtazameni tumbo, jamani, nikasema.

— Huyu komba, nawaambieni, Mzee akasema. Shambani kwetu wakipanda minazi usiku wakanywa tembo la mgema, asubuhi unawaokota chini wamelewa. Wewe unampa nini?

— Papai. Yai la kuchemsha. Asali tone moja. Na panzi, Aseel anamkamatia.

— Asali! Basi kalewa.

— Mlevi havimbi tumbo hivi, Bi Masouda akasema. Akavaa miwani, akainama. Hii ngiri.

— Ngiri? Si sasa hivi tumekubaliana komba?

— Ngiri maradhi, we Bakhit! Utumbo umetoka mahali pake. Mimi nilipopasuliwa mara ya pili...

— Tunajua, wakasema wawili kwa pamoja.

— Hamjui! Daktari alisema hajapata kuona.

Kheiria akasogea. Alishusha sauti, na Kheiria akishusha sauti hata nyumba ya pili hunyamaza.

— Nyote mnazunguka tu. Mnyama katoka wapi? Nje. Kapita wapi? Uwanja wa ndege. Nasikia wako watu wanapitisha dhahabu ndani ya wanyama. Wanampasua kidogo, wanatia, wanashona.

— Nani kakwambia?

— Mtu.

— Mtu gani?

— Mtu aliyeambiwa.

— Uongo mtupu, Bi Masouda akasema, lakini akainama kutazama tena. Kama gramu ngapi hivi?

— Sukari hana dhahabu! Aseel akapiga kelele, na machozi yakamtoka. Msimpasue!

Mzee Bakhit akachukua tende, akaitoa kokwa kwa kucha zake za kizee, akampa. Aseel akaila. Ndiyo chakula chake cha kwanza siku ile, na mzee akamtolea kokwa nyingine na nyingine huku akiendelea kubishana, hata hatazami mkono wake unafanya nini.

— Hii hapa, akasema, ameinua kokwa moja juu. Kameza hii. Mmemtia kwenye kifuko, pana joto, pana unyevu. Kokwa imeota. Mnaona uvimbe, kumbe mche. Ndiyo maana anapelekwa kwenye mitende, anakwenda kwa jamaa zake. Damu nzito kuliko maji.

— Kha! Mtende tumboni!

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi kama ni haba na haba, Kheiria akasema, ana mfuko huyu. Kama mchuuzi. Anatia akiba yake ya panzi.

Hapo ndipo baraza ilipocheka kweli kweli.

— Mnyama mwenye mfuko! Bi Masouda akajifuta macho. Na vifungo vyake je?

— Na mshoni wake nani?

— Hamdiya. Si keshamshonea mmoja?

Nikacheka na mimi, kwa kuwa vigumu kukaa na watu wale usicheke. Lakini macho yangu yalikuwa njiani, kwenye vumbi, nikitazamia gari jeupe.

Badala ya gari alikuja msichana kwa miguu. Suruali nyeusi, mkoba mkubwa begani, viatu vyote vumbi.

— Hamjambo? Samahani, hapa ndio steji ya teksi za kwenda Sib?

Sote tukamtazama. Naye akatutazama sisi.

— Kumbe ni kweli! Nilikuwa nawasikia kutoka kule kona, nikasema hiyo ni Kiswahili ama ni joto imenishika?

— Keti, mwanangu, Bi Masouda akasema. Si kituo hapa, lakini wanasimama. Watu wa wapi?

— Kakamega, mama. Naitwa Truphena. Nafanya saluni. Nilikuwa nasuka bibi harusi hapo nyumba ya tatu.

Kheiria akainua dele. Ilikuwa imebaki kahawa ya kikombe kimoja, na kikombe kilichokuwa zamu yake kilikuwa mkononi mwake. Akakisuuza, akammiminia mgeni, akamsogezea na sahani ya tende.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Mzee Bakhit akasema.

— Hee! Bi Masouda akamgeukia. Hiyo leo imekaa mahali pake.

— Zote hukaa mahali pake. Nyinyi ndio hamkai.

Truphena alikuwa ameshaona kifuko.

— Woi! Hiyo ni panya?

— Ni Sukari, Aseel akamjibu.

— Mgonjwa, nikasema. Kavimba tumbo, na baba watoto anakuja kumchukua.

Truphena akaweka kikombe, akapiga magoti vumbini mbele yangu. Hakumgusa, aliweka mikono nyuma kama mtu anayetazama mtoto wa mwenyewe. Akatazama kitambo.

— Na mbona huo uvimbe unapiga teke?

Vichwa vyote vikagongana juu ya mapaja yangu. Uvimbe ulikuwa umetulia. Kisha ukajisukuma, upande huu, upande ule. Pale katikati ya tumbo, kwenye manyoya, pakafunguka mdomo mdogo kama wa mfuko wa kanzu, kikatoka kiguu. Cha waridi, chembamba kama uzi wa kushonea, na vidole vyote vimetimia. Kikaugusa upepo. Kikarudi ndani.

Mimi nimezaa mara mbili. Nilipokuwa mzito na huyu mchanga nilikuwa sitaki mtu anisogelee, namkoromea hata Humam, nakula papai mpaka usiku. Na mwenzangu alipofanya hayo hayo nikasema mgonjwa.

— Ana mfuko! Kheiria akaruka. Nani alisema? Nani alisema ana mfuko?

— Mimi niliwatangulia, Mzee akasema. Neno langu la kwanza lilikuwa nini? Mficha uchi hazai.

— Bakhit, huyu kaficha, na kazaa!

Mzee akafikiri.

— Basi methali hiyo haikufika kwao.

Tulikuwa bado tunacheka gari jeupe liliposimama. Humam akashuka na kanzu yake ya kazini, mkononi ana sanduku la karatasi. Alikuwa amelitoboa matundu pande zote. Ndani alikuwa ametandika kilemba chake kizuri, kile anachokifunga sikukuu. Nilikiona, nikashindwa kumkasirikia.

— Salamu alaikumu. Hamdiya, tayari?

— Unampeleka wapi? Bi Masouda akauliza.

— Qurayyat, Mama Mkubwa. Nlishamwambia.

— Mzazi hatoki nyumbani.

— Mzazi nani?

— Sukari, baba! Aseel akamvuta kanzu. Ana mtoto mfukoni!

Humam akachutama vumbini, na kanzu yake nyeupe. Alingoja. Kiguu kikatoka, safari hii viwili, vikarudi.

— Si maradhi?

— Si maradhi, nikasema.

Akamtazama Sukari, akamtazama mtoto wetu mkononi mwangu, akajikuna ndevu.

— Mashallah. Lakini sasa wanakuwa wawili. Na sisi tuna mtoto mchanga. Basi, nitampeleka wiki ijayo.

— Wiki ijayo! Bi Masouda akasimama, na yeye hasimami kwa jambo dogo. Mkeo nlimkalia siku arubaini. Hakuvuka kizingiti. Nlimkanda kwa maji moto, nlimpikia uji wa pilipili manga, nkamfunga mkaja tumboni kwa mikono hii, kwa kuwa mama yake hayupo. Na huyu naye hana mama hapa. Arubaini ni arubaini.

Nikainama nikamfunika mwanangu miguu, iliyokwisha kufunikwa.

— Na mkaja nani atamfunga? Kheiria akauliza.

— Ukimfunga mkaja mtoto atatokea wapi?

— Namkanda mimi, Aseel akasema. Kwa kidole kimoja.

Humam akainua mikono juu. Hajapata kumshinda mama yake mkubwa, wala hakuna anayemtaka amshinde.

— Haya, Mama Mkubwa. Arubaini. Arubaini ikitimia, nampeleka.

Aseel akaacha kutafuna.

— Samahani, mama, Truphena akasema. Bado alikuwa amepiga magoti, anatazama. Hizo siku arubaini mnaanza kuhesabu lini? Si siku mtoto amezaliwa?

— Ndiyo, mwanangu. Siku aliyozaliwa.

— Na huyu amezaliwa, ama bado?

Bi Masouda akafungua mdomo. Kiguu kikatoka. Akaufunga. Kiguu kikarudi. Akamtazama Kheiria, na Kheiria, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na habari. Mzee Bakhit akatafuta methali. Niliiona midomo yake ikiijaribu moja, ikaiacha, ikaijaribu nyingine. Akaliinamisha dele juu ya kikombe chake. Halikuwa na tone.

Humam alikuwa bado amechutama. Alichukua kilemba kutoka sandukuni, akakikung'uta, akanizungushia shingoni mpaka kikafunika kifuko.

— Kuna upepo, akasema.

Teksi ikasimama mbele yetu, ikapiga honi. Dereva akatoa kichwa dirishani, akauliza kwa Kiarabu kama tunakwenda Sib. Truphena akainua mkono nusu, akatazama kifuko, akaushusha.

Bi Masouda hakumpungia ende zake. Alimjibu kwa Kiswahili, ambacho dereva hakijui, taratibu, kama anayempa habari njema.

— Hatwendi, mwanangu. Hapa pana mzazi.