Magoti ya Mama Yalivyoniokoa Mlimani Ipogolo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnaosoma mmekaa, semeni amina hapo mlipokaa. Mnaosoma kwenye foleni, semeni kimoyomoyo, watu wasije wakadhani mmepandisha homa. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nimezaliwa Kilolo, nikaolewa Mbeya, na kidato cha nne nimemalizia shule ya jioni, darasani na vijana ambao ningeweza kuwazaa wote, pamoja na mwalimu wao. Mungu aliyenivusha kwenye zile hesabu ndiye aliyeniokoa na gari.

Ndiyo, gari! Sikilizeni.

Mama yangu yuko Kilolo, na magoti yake yameisha. Kila wiki anatakiwa afike hospitali, Iringa mjini, kwa mazoezi ya viungo. Daktari alisema wazi: akiacha mazoezi, hatatembea tena. Lakini ngazi za basi kwake ni Mlima Rungwe! Mara mbili basi lilimwacha huku mguu mmoja uko hewani. Siku moja akaniambia, "Basi, mwanangu. Nitakaa tu nyumbani." Ndugu zangu, nililia machozi ya kujaza ndoo. Wakati huo tulikuwa tumeshahamia Iringa. Nikachoma chapati mpaka moshi ukanijua jina, nikaweka akiba, nikajifunza udereva, nikapata leseni.

Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe!

Nchi hii kila mtu ni fundi wa magari. Shemeji yangu Ambele wa Mbeya, mtu asiyemiliki hata baiskeli, alinipigia simu asubuhi na jioni. "Shem, usituaibishe na kigari cha kubebea mayai! Chukua gari refu, lenye heshima, twende nalo Madibira kuchukua mchele." Mchele wa nani? Shamba hana, mtaji hana! Kwaya nao wakataka lenye viti vingi. Jirani akanionya nisichukue jeupe, linachafuka. Jirani wa jirani akanionya nisichukue jeusi, lina mikosi. Nikipiga magoti kuomba, badala ya utukufu naona taa na vioo.

Halafu nikaangukia kwa dalali mmoja, tumwite Chesco. Ndugu zangu, ulimi wa yule kaka ungeweza kumuuzia samaki mwavuli. Kila gari lake lilikuwa "la mwalimu mmoja mstaafu, analiendesha Jumapili tu." Niliona magari manne ya huyo mwalimu! Na yote "yananusa tu mafuta."

Uwanja wa Chesco uko juu mjini. Kila gari alilonipa nijaribu, tulishuka nalo mpaka bondeni Ipogolo, tukaliacha pale, yeye akanirudisha juu kwa bajaji. Mimi nikamshukuru! Dereva mpya, gia za mkono, kupandisha mlima nilikuogopa kuliko simba wa Ruaha. Nikasema moyoni, huyu kaka ana huruma, amenisoma udhaifu wangu.

Alikuwa amenisoma kweli!

Gari la nne likaniteka. Refu, linang'aa, la bei yangu. Lilishuka kama malaika. Siku ya kusaini nikamchukua mama, maana ndiye abiria mwenyewe. Akamsalimia Chesco, "Kamwene, baba," kisha tukamwingiza garini kwa dakika kama arobaini hivi. Tukateremka Ipogolo. Chesco akatoa karatasi mgahawani, kalamu nikaishika, na akiba yangu yote iko kwenye mkoba. Mara mama akaita kutoka garini.

"Mwanangu, fimbo yangu nimeisahau kule juu."

"Bibi, shuka tu unywe chai," Chesco akasema. "Fimbo nitakuletea."

"Nishuke na nini? Haya magoti yakishakaa, yamekaa. Nirudisheni."

"Nitaita bajaji, Bibi."

"Na hili nililokalia ni nini? Kabati?"

Mgahawa mzima ukacheka! Mimi nikaona aibu, nikamkasirikia mama, Mungu anisamehe. Miezi yote nimehangaika, leo fimbo! Nikaweka kalamu chini, nikashika usukani huku nanung'unika. Chesco akapanda nyuma, akashika mkanda kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, tulianza kupanda. Gia ya pili ikagoma. Ya kwanza ikalia kama nguruwe sikukuu. Katikati ya mlima boneti likatoa mvuke wa kuivisha maharage ya msiba, gari likazima, likaanza kurudi nyuma! Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, nikaita Jina la Yesu kwa sauti ambayo naamini Mbeya waliisikia. Wapita njia wakaweka jiwe nyuma ya tairi. Chesco akakuna kichwa. "Dada, leo limechoka tu."

Mama hata hakugeuka. "Baba, na mlima huu ndiyo njia yangu ya hospitali. Litachoka kila wiki?"

Pale pale magamba yakanidondoka machoni! Miaka nimeyakemea magoti yale, nimeyafungia, nimeyaombea yainuke. Siku ile yangeinuka, mama angeshuka, ningesaini, na akiba ya hospitali ingebaki pale jiweni.

Mwezi uliofuata nilinunua kigari kidogo, kizee, kutoka kwa mwenyewe, si kwa dalali. Nilianza nacho bondeni, mama akiwa kiti cha mbele, nikapanda. Kilipanda polepole, kinakohoa, lakini kilifika! Ambele anakiita sanduku la mayai. Mwacheni. Mama hajakosa mazoezi tena hata wiki moja.

Magoti hayajapona, nisiwadanganye. Bado namwomba Mungu, na leo namshukuru kwa siku ile aliyoyaacha yakae. Nawe unayemlilia jambo lisiloondoka, mtumaini, hajalala. Na ukienda kununua gari, nakusihi katika Bwana: kushuka kila gari linaweza. Mpakie mama, ligeuze lielekee juu.